Mgao wa Mtaa wa Chini

9 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mwanao. Sisi huku wazima, ila shemeji yako kikohozi hakijamwachia, na ukimwambia aende kupimwa anakujibu kikohozi ni chake, wewe kinakuwasha nini. Mimi bado niko kwenye chumba cha mashuka pale hospitali. Wamenipa cherehani ya umeme, na mgongo wangu unawaombea dua. Baba hajambo kwa umri wake. Jicho lililobaki nalo limekwenda, sasa anatofautisha mchana na usiku tu, lakini masikio ni yale yale: ninong'one jikoni, anajibu sebuleni. Simu hataki kabisa. Anasema maneno ya simu yakishasemwa yamepotea, barua mtu anaweza kusomewa tena kesho. Kwa hiyo andika, na uandike kwa herufi kubwa, maana hata mimi siku hizi naitafuta miwani ikiwa usoni.

Sasa lililonishikisha kalamu. Shemeji yako kasikia redioni kwamba kila mamlaka ya maji imeagizwa iwe na mpango wa ukame: bwawa likishuka mpaka wapi nini kifanyike, nani apunguziwe kwanza, nani asiguswe. Nikakumbuka uliponiambia kwamba hapo mjini tulikozaliwa kazi hiyo umepewa wewe. Niliiweka sindano chini nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Unaona ulichowekewa mezani?

Najua unajua, lakini naandika ili Baba nikimsomea asikie kuwa sijasahau. Mwaka ule wa ukame ufunguo wa valvu za mji mzima alikuwa nao yeye. Meneja wa mamlaka ya maji alimwagiza aufunge mtaa wetu wa chini kwa wiki, kisha akamwagiza aufungue, na Baba akaufungua kwa mikono yake. Maji hayakuja. Kiangazi chote hayakuja, na huko mtaa wa juu, anakokaa Meneja, watu wanamwagilia maua. Baba alisema na mpaka leo anasema: mimi nilifungua, aliyeyazuia yuko juu. Mama na wanawake wenzake walikwenda ofisini kwa Meneja, akawajibu pale pale kwenye kiti, bila hata kunyanyuka, kwamba valvu yao iko wazi, wakatengeneze mabomba yao mabovu. Mama akawa anapanda na ndoo mpaka kisima cha shule, akateleza kwenye ile njia ya mawe, nyonga ikavunjika, na kitandani hakushuka tena mpaka tulipomshusha sisi. Siku ya maziko, Baba yuko msibani na mtu mwingine ameshika zamu yake, maji yakatoka. Mtaa mzima ulijua ni kwa nini. Meneja alikuwa ameogopa msiba.

Basi andika hivi: mtaa wa juu wa kwanza kukatiwa, wa mwisho kufunguliwa. Nataka yule mzee ajue ndoo ina uzito gani ikiwa kichwani kwake. Baba naye anasema amina.

Mimi dada yako.


2 Machi

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo.

Barua yenu nimeipata kwa dereva wa basi, imekunjika lakini haijaloa. Mimi mzima. Mjukuu wenu kang'oka meno ya mbele mawili na hataki kucheka mbele za watu, akichekeshwa anakimbilia chumbani anachekea humo halafu anarudi na uso wa hakimu. Mwambieni shemeji akapimwe.

Kweli kazi ni yangu. Nimepewa chumba chenye dirisha linalotazama ukuta, meza yenye mguu mfupi, na agizo la mdhibiti wa maji ambalo nimelisoma mpaka naliota. Linataka tuseme wazi bwawa likifika alama gani tunatangaza tahadhari, likifika alama gani mgao unaanza, na akiba itatoka wapi bwawa likikauka. Hospitali na shule zisiguswe mpaka mwisho kabisa. Anayepunguziwa aambiwe sababu kabla hajapunguziwa. Wananchi wawe na kamati yao, na mpango wote usomwe kwenye mkutano wa hadhara kabla haujapelekwa. Tusipofanya hivyo, tunanyang'anywa leseni.

Kwa hiyo, Dada, siwezi kuandika kwamba mtaa wa juu ukatwe kwanza. Nitaulizwa sababu, na nitajibu nini? Kwamba mkazi wake mmoja alimuua mama yangu? Usidhani sitaki. Juzi amekuja ofisini mwenyewe. Amestaafu, siku hizi ni mkubwa wa wakazi wa mtaa wa juu, na anautaka uenyekiti wa hiyo kamati ya ukame. Viatu vinang'aa, fulana ndani ya shati ndani ya koti, na joto hili. Akanishika mkono akasema, "Wewe si binti wa fundi wetu? Mzee bado yupo?" Nikamwambia yupo. Akasema, "Msalimie sana." Alipotoka nilikwenda kunawa mikono, na sabuni niliyotumia ingetosha kufulia.

Kama unasoma kwa sauti, hizo salamu usimfikishie Baba. Ziruke.

Wako, Kitinda.


15 Machi

Wewe Kitinda,

Sisi wazima na nyie tunawaombea uzima. Mtu akitaka mstari urukwe, anasema kabla ya mstari, hasemi baada. Nilikuwa nimeshausoma. Baba alishika kikombe mpaka chai ikapoa, halafu akasema, "Mwandikie amwambie salamu zake nimezirudisha, azitafutie mwenye kuzipokea." Na chai hakunywa.

Nimelisikia agizo lako lote na nimechoka nalo. Agizo, agizo! Mama alikufa bila agizo. Yule mtu alimfungia maji hakuandika sababu popote, leo wewe ndiye unayetakiwa kuandika sababu! Ndiyo faida ya kusomeshwa hiyo? Nimeshona mashuka ya watu miaka yote hii ili wewe ukae kwenye meza, na meza yenyewe umeipata, mguu mfupi au mrefu shauri yako.

Lakini sawa, mimi si mtu wa kukutaka ufukuzwe kazi ukiwa na mtoto. Kama huwezi kumkata maji, basi muumbue. Mbele za watu, tena watu wa mtaa wetu. Akili unayo, itumie kwa Mama.

Shemeji yako amekwenda kupimwa. Wamemwambia ni vumbi. Sasa anatembea na kitambaa mdomoni kama mwizi wa benki.

Dada.


20 Aprili

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo, na leo kaa vizuri kwenye kiti maana hii ni yako. Dada, hakuna mstari wa kuruka.

Mkutano wa hadhara ulifanyika Jumamosi kwenye ukumbi wa shule. Walijaa mpaka madirishani. Nilisoma alama za bwawa, nikasoma mgao: mitaa yote itafungiwa kwa zamu, wiki kwa wiki, hakuna mkubwa wala mdogo, na zamu zilipangwa kwa kura pale pale. Mtaa wetu ukaokota karatasi ya kufungiwa wa kwanza. Walinung'unika, lakini kura waliiona kwa macho yao.

Tukaja kwenye kamati. Meneja akasimama, akajikohoza, akasema yeye ana uzoefu na yuko tayari kuitumikia jamii. Nilimwacha apigiwe makofi kwanza. Nilimwacha ashukuru. Nilimwacha akae na kupanga koti lake. Ndipo nikasema, "Sasa naomba nisome kazi za mwenyekiti."

Dada, kifungu hicho nilikiandika kwa hasira yako na adabu yangu. Kinasema hivi: mtaa wowote ukilalamika kuwa hauna maji, ni marufuku kuujibu kutoka ofisini. Mwenyekiti wa kamati atakwenda mwenyewe, kwa miguu, kwenye nyumba watakayochagua wakazi, atafungua bomba kwa mkono wake, na ndoo atakinga mwenyewe. Bomba likiwa kavu, haondoki mtaani mpaka sababu ijulikane.

Halafu yule mama muuza mkaa, rafiki wa Mama, mnamkumbuka, akasimama kule nyuma akasema, "Aanzie kwangu! Ndoo ninayo!" Watu walicheka, walipiga benchi, mzee mmoja alilia kwa kucheka. Meneja akawa anatabasamu kama mtu aliyekanyaga msumari na hataki wageni wajue. Kukataa hakuweza, alikuwa ameshapigiwa makofi.

Bwawa linashuka kila nikilitazama. Mvua zikikosekana, atashuka kwenye ile njia ya mawe na viatu vyake vinavyong'aa.

Kitinda wenu.


5 Mei

Mdogo wangu, kipenzi, kitinda mimba wa mama yetu,

Nimemsomea Baba mara nne na bado anasema rudia pale pa ndoo. Alicheka mpaka nikamletea maji, akayanywa, akacheka tena. Sijamsikia akicheka hivyo tangu tumemhamishia huku. Shemeji yako alitoka chumbani na kitambaa chake kuuliza nani kaoa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe! Uenyekiti aliutaka, sasa aukalie. Yale maneno niliyokuandikia kuhusu kusomeshwa, yachukulie kuwa sikuyaandika.

Baba anakuagiza: siku atakayoshuka, uandike kila kitu. Alivaa nini. Aliteleza wapi. Nani alimcheka. Mkono upi ulifungua bomba na kama ulitetemeka. Usimfupishie.

Dada yako, leo mwenye raha.


12 Juni

Dada, shikamoo. Baba, shikamoo.

Naandika kwa haraka. Bwawa limefika alama ya mgao na tumeanza. Mtoto mzima, meno yameanza kuota yamepinda. Mimi kula nakula, kulala ndiyo sijui.

Mtaa wetu ndio wa kwanza kufungiwa, na hakuna hata mmoja aliyekuja kulalamika. Mitaa mingine inapiga kelele kabla hata zamu yake haijafika, wetu umenyamaza kimya. Nimewajivunia. Ila Meneja kwa hiyo hajapata safari. Subirini.

Kitinda.


6 Julai

Mdogo wangu,

Kulikoni? Redioni wanasema mmefika pabaya, na wewe umeingia mitini. Baba kila basi likipiga honi anageuza kichwa. Kama unaumwa sema, kama mtoto anaumwa sema. Kama Meneja ameshuka na hukutuandikia, hapo tutagombana.

Dada.


18 Julai

HII USIMSOMEE BABA. Nimeandika juu kabisa, kabla ya mstari wowote, kama ulivyonifundisha. Isome ukiwa peke yako.

Dada, shikamoo. Mimi na mtoto wazima. Nimeanza barua hii na kuichana sijui mara ngapi.

Zamu ya mtaa wetu kufunguliwa ilipofika, fundi wa valvu alikwenda, akarudi, akaniambia amefungua. Kesho yake asubuhi wakaja wanawake ofisini. Bomba kavu mtaa mzima. Walisimama mbele ya meza yangu, muuza mkaa akiwa mbele yao, na mimi nilikuwa nimetoka kuongea na fundi. Dada, unajua nilitaka kuwaambia nini? Kwamba valvu yenu iko wazi. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nililimeza kwa sababu kifungu changu mwenyewe kilinikataza kujibu, nikamwita mwenyekiti.

Alishuka. Koti, viatu, kila kitu. Aliteleza kidogo penye yale mawe na watoto wakashangilia. Nilifurahi, sitakudanganya, nilikuwa nahesabu kila kijasho kwa ajili yenu. Kwa muuza mkaa alifungua bomba kwa mkono wake wa kulia, halikutoa hata pumzi. Wanawake wakamzunguka. Akasema, sawa, haondoki, twendeni kwenye valvu.

Fundi akafunua mfuniko, akaingiza ule ufunguo mrefu, akasukuma kushoto. Ukagoma. Akasema, "Mnaona? Iko wazi mpaka mwisho." Meneja akavua koti, akaushika ufunguo na yeye, akajaribu kushoto, ukagoma. Akainama, akasoma jina la kampuni kwenye chuma. Halafu akasema, "Geuza kulia." Fundi akamwambia kulia ni kufunga. Akasema, "Wewe geuza."

Akageuza, akageuza, na tukayasikia maji yakipita chini ya miguu yetu. Mtoto akapiga kelele kutoka nyumba ya kwanza, kisha mwingine kutoka ya pili.

Valvu zote za mji huu zinafungukia kushoto. Hiyo moja ni ya kampuni nyingine, iliwekwa muda mfupi kabla ya ukame ule, na inafungukia kulia. Anayeifunga anaifungua. Anayeifungua anaifunga. Muuza mkaa akakiri pale pale kwamba wiki waliyoambiwa wamefungiwa, maji yalikuwa yanatoka vizuri, wakanyamaza, maana nani anakwenda ofisini kulalamika kwamba anapata maji? Na mimi nikakumbuka, Dada. Mwaka ule pia. Wiki ya kwanza, tuliyoambiwa tumefungiwa, Mama alikuwa anajaza mapipa huku anacheka, anasema, baba yenu kafunga kwa huruma. Na siku ya maziko, yule aliyeshika zamu ya Baba huenda alidhani anaufunga mtaa wetu.

Meneja alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. Akauliza mbele ya wanawake wote, "Mwaka ule ufunguo huu alikuwa nao nani?" Macho yote yakanigeukia, maana wote wananijua mimi ni mtoto wa nani. Akavaa koti. Akasema, "Miaka yote nimeitwa muuaji kwenye mji huu. Ukame ukiisha si kuna mkutano wa taarifa? Nitasimama." Na alicheka, Dada. Alipanda ile njia anacheka.

Nilitaka ashuke aaibike. Nimemshusha mwenyewe mpaka kwenye kitu kilichomsafisha.

Niambie nifanye nini.

Kitinda.


2 Agosti

Kitinda,

Nimeisoma chooni, ndiyo sehemu pekee ambayo Baba hanifuati. Nilikaa humo mpaka shemeji yako akagonga.

Nilikukasirikia wewe kwanza. Ulikuwa na haja gani ya kwenda mpaka kwenye valvu? Halafu nikaikasirikia valvu, chuma kisicho na mama wala baba. Halafu nikatoka, Baba akaniita, akataka nimnyoe ndevu maana ilikuwa Jumamosi. Nikamnyoa. Nimeshika wembe, nimeshika kidevu chake, na nikawa najiuliza: sasa nimchukie nani? Huyu?

Siwezi na sitaki. Na nikushangaze: yule mwingine sijamwachia hata unywele. Sikiliza vizuri. Mkono wa Baba ulikosea siku moja. Makalio ya Meneja yalikosea kiangazi kizima. Mama alimwendea. Alisimama mbele yake na wenzake wakamwambia hakuna maji. Ni mwendo wa kushuka tu mpaka kwenye bomba! Mbona wewe umemshusha mara moja na asubuhi ile ile maji yakapatikana? Angenyanyuka siku ile, Mama angekuwa hai ananisema kwa kuchelewa kuzaa. Na hiyo valvu ya kampuni nyingine nani aliinunua, akaifukia, asimwambie fundi wake? Akisimama kwenye mkutano kujisafisha, usimwache akae amesafika. Mbele za Mungu, usimwache.

Sasa Baba. Alijua barua imekuja, harufu ya basi anaijua. Nikamwambia ndiyo, imekuja, Meneja kashuka, kateleza, kazomewa, kakinga ndoo, mkono umetetemeka. Nilimtungia kila kitu. Nilidhani atacheka. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono iko magotini, halafu akaniuliza, "Hakuandika chochote kuhusu valvu?" Nikasema hapana. Akasema, "Muulize Kitinda. Ile yetu ya chini. Inafungukia upande gani?"

Tangu aurudishe ule ufunguo hajawahi kulitaja neno valvu. Nilimtazama mikono. Ilikuwa inageuza kitu ambacho hakipo, huku, kisha huku.

Nimemwambia nitakuuliza. Sasa nakuuliza. Kila asubuhi anataka kujua kama basi limefika.

Dada.


30 Agosti

Dada, shikamoo. Humu kuna karatasi mbili. Hii ni yako, ukimaliza ichane.

Mvua zimekuja na mkutano wa taarifa tumefanya juzi. Sikumsubiri Meneja asimame. Nilisimama mimi. Nilisema valvu ya mtaa wa chini inafungukia kinyume, na kwamba mwaka ule aliyekuwa na ufunguo ni baba yangu mzazi. Nilimtaja kwa cheo chake na kwa jina lake, nikaliandika kwenye taarifa, na taarifa imekwenda kwa mdhibiti. Ukumbi uliguna. Meneja akaegemea kiti, anaafiki kwa kichwa. Nikaendelea: aliyeinunua valvu ile bila kumwambia fundi ni ofisi ya Meneja, na walioleta malalamiko waliambiwa mabomba yao ni mabovu.

Muuza mkaa akasimama. Akamuuliza, "Tulipokuja, ulituona?" Akajibu kwamba aliambiwa iko wazi. Yule mama akasema, "Hatukuulizi uliambiwa nini. Tunakuuliza ulituona?" Kisha mwingine akasimama, akasema, mimi nilikuja. Na mwingine, mimi pia nilikuja. Walisimama mmoja mmoja, hata vikongwe wa kushikwa mkono, kila mmoja akisema nilikuja, na Meneja macho yako kwenye viatu vyake. Alitoka kabla hawajaisha. Hakuna aliyempisha njia, ilibidi aombe. Uenyekiti ameuacha.

Nilifurahi, Dada, mwili mzima. Kisha nikarudi ofisini nikalikuta jina la Baba mezani kwangu, kwa mwandiko wangu, na nikalia mpaka wenzangu wakafunga mlango.

Karatasi ya pili msomee yote. Usiruke kitu.

Kitinda.


30 Agosti

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini hujambo na Dada hakuchoshi na amri zake. Mvua zimekuja, bwawa linapanda, na mjukuu wako ameota meno mapya, sasa anacheka hovyo.

Meneja amemalizika. Wanawake wa mtaa wetu walimsimamia mbele ya mji mzima, mmoja mmoja, wakamkumbusha jinsi walivyomwendea na yeye hakunyanyuka kwenye kiti. Alitoka kichwa chini, na mpaka leo akikatiza mitaani watu wanamsalimia nusu nusu. Jina la Mama lilitajwa, na watu walilisikia wamesimama.

Dada ameniandikia kwamba unauliza habari za valvu ya chini. Nilishuka mwenyewe na fundi wa sasa, tukafunua mfuniko, nikaushika ufunguo kwa mikono yangu.

Inafungukia kushoto, Baba, kama zote. Uliifungua.

Mwanao.